Kupanga CD zako katika nyumba ndogo ya Goma: saloni ipendeze, na mkusanyiko ubebeke

Volkano ya Nyiragongo, jirani na mji wetu wa Goma mashariki mwa Kongo, ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, nilikuwa na CD mia tatu themanini na kitu ndani ya kabati la saloni. Siku tano baadaye ikatoka amri ya kuhama katika mitaa kadhaa ya mji. Ardhi ilikuwa inatetemeka usiku na mchana. Tulifunga godoro, masufuria, nguo za watoto na unga, tukashika barabara ya Sake pamoja na wengine wote. CD zilibaki. Zilikuwa katika makasha yake ya plastiki, nzito kama mifuko ya saruji, na hakuna mtu wa kumwambia abebe muziki wakati mama anatafuta pa kumfungia mtoto mgongoni.

Tuliporudi nilikuta kabati limelala kifudifudi. Makasha yamevunjika, maji ya mvua yamepita pale bati lilipofunguka na kugandisha vijitabu, na diski zilizotoka nje zimekwaruzwa na vumbi. Nilipoteza karibu mia moja, nyingine za marehemu baba. Zilizobaki nilizipanga upya kwa miezi kadhaa, nikikosea na kurudia, mpaka nikapata namna ambayo leo ninawafundisha jamaa na majirani: CD zote zinakaa mahali padogo kuliko meza ya kahawa, saloni inapendeza, na ikibidi zinatoka nje kwa mikono ya watu wawili tu. Hatua zake ni hizi.

1. Hesabu na upime kabla ya kumwita fundi

Kasha la kawaida la CD lina upana wa milimita 142, kimo cha milimita 125, na unene wa milimita 10 na ushee. Kwa hiyo CD 100 zikisimama bega kwa bega zinakula mita moja ya rafu na kuzidi kidogo. Sasa toa diski uipime peke yake: upana wa sentimita 12, unene wa milimita 1.2. Sehemu kubwa ya kile unachokitunza ni plastiki na hewa. Ukichukua diski, kijitabu chake na ile karatasi ya nyuma, ukavitia pamoja katika kifuko laini, unene wote unashuka hadi milimita 3 hivi. CD 100 zile zile zinaenea katika sentimita 30.

Uzito nao unashuka. Mimi nilipima kwenye mizani ya mama anayeuza maharagwe pembeni ya parseli (kiwanja) yetu: CD 130 zikiwa katika makasha zilikaribia kilo 13, na katika vifuko hazikufika kilo 6.

Chukua daftari, andika kila CD, na huku unaandika gawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni CD za kiwandani zilizo katika kasha la kawaida. Hizo ndizo zitakazovuliwa makasha. La pili ni zile zenye kava la karatasi ngumu, za toleo la pekee, au zenye saini ya mwanamuziki. Hizo ziache katika nyumba zake. La tatu ni CD za kuchoma, zile tulizokuwa tunanunua sokoni Birere au tulizochomewa na rafiki mwenye kompyuta. Hizo zina masharti yake, nitayafikia.

2. Osha, usifute

Hatua hii watu huiruka, nami naiona ndiyo inayookoa au kuua mkusanyiko wote hapa kwetu. Vumbi jeusi la Goma ni makoro, yaani mawe ya lava, yaliyosagwa na magurudumu. Lishike kati ya vidole viwili ulisugue, utalisikia linakwangua. Ni punje za jiwe na za kioo cha volkano, ngumu kuliko plastiki ya CD. Mtu anayefuta diski kavu kwa pindo la shati anaisugua kwa msasa, hata kama shati ni safi.

Andaa beseni mbili. Katika ya kwanza weka maji ya vuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo, ile ya maji; sabuni ya unga ina punje. Shika diski kwa ukingo na tundu la katikati, ipitishe majini ukiitikisa taratibu ili punje zidondoke zenyewe, kwanza bila kuigusa uso. Kisha kwa ncha za vidole vilivyolowa, pitisha kutoka katikati kwenda ukingoni, kama miali ya jua. Usizungushe. Muziki umeandikwa katika njia moja inayojizungusha kutoka ndani kwenda nje. Mkwaruzo unaokata njia hiyo unaharibu kipande kidogo kila mzunguko, na mashine ina hesabu za kujaza mapengo madogo hivyo husikii kitu. Mkwaruzo unaofuata njia unafuta kipande kirefu kwa mpigo, na hapo ndipo wimbo unaanza kurukaruka.

Suuza katika beseni ya pili. Kama una maji ya chupa, tumia hayo kwa msuuzo wa mwisho, kwa sababu maji ya bomba yanaacha madoa meupe yakikauka. Simamisha diski kwenye kichanja cha sahani hadi ikauke, au igusegusie fulana ya zamani ya pamba iliyofuliwa mara nyingi. CD za kuchoma zilizoandikwa kwa kalamu usizitie majini kabisa. Pangusa upande wa chini tu kwa kitambaa kilicholowa kidogo, baada ya kupuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli.

Tena angalia upande wa juu, wenye maandishi. Wengi wanaogopa upande unaong'aa na kuulaza chini ule wa maandishi kama hauna kitu. Kinyume chake ndicho kweli. Mwanga wa mashine hupita katika unene wote wa plastiki toka chini, na utando wa alumini wenye muziki uko juu kabisa, chini ya rangi na vanishi nyembamba mno. Mkwaruzo wa chini mara nyingi huweza kusuguliwa ukapona. Ukitoboa upande wa juu kwa ukucha au kwa ncha ya bisibisi, umeng'oa muziki wenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, usiandike juu ya CD kwa biki; tumia kalamu laini ya wino wa maji, na uandike karibu na tundu la katikati ambako hakuna kitu kilichorekodiwa.

3. Kuvua kasha bila kuvunja

Fungua kasha, bonyeza meno ya katikati kwa kidole gumba huku vidole vingine vikiinua ukingo wa diski. Usiivute diski ikajikunja. Kijitabu kitoe kwa kukitelezesha chini ya vile vishikio vya mfuniko. Sasa inabaki karatasi ya nyuma, yenye orodha ya nyimbo na jina kwenye mgongo, na wengi hawajui inatokaje. Iko chini ya sinia jeusi au angavu lililokuwa limeshika diski. Tia kisu cha mezani kisicho makali kati ya sinia na kasha, upande wa bawaba, pindua kidogo. Utasikia "ka", sinia linainuka, na karatasi iko mikononi mwako ikiwa nzima na mikunjo yake miwili ya pembeni.

Mikunjo hiyo usiibane ikavunjika. Ndiyo inayobeba jina la albamu.

Makasha matupu usiyatupe yote. Chagua ishirini yaliyo safi uyaweke; matano tutayahitaji ukutani na mengine ni akiba. Yaliyobaki wape vijana wa kwaya au wale wanaouza CD, wanayapokea kwa furaha.

4. Vifuko gani

Kifuko kizuri ni cha plastiki nyembamba inayolialia ukiishika, kama ile ya kufungia shati jipya, na ndani kina kitambaa laini cheupe upande wa diski. Kiwe na sehemu mbili: moja ya diski, moja ya kijitabu na karatasi ya nyuma. Kipimo chake kiwe kama sentimita 15 kwa 13.

Kibaya ni kile cha plastiki nzito, laini, inayonata na kunuka kama viatu vipya vya plastiki. Mafuta yaliyomo katika plastiki hiyo yanatoka polepole, na baada ya miaka diski inagandana na mfuko, ukiibandua inaacha ukungu. Yale mabegi yenye zipu na kurasa, yanayouzwa kwa ajili ya gari, mengi ni ya aina hiyo. Nimeyaona kwa macho yangu yakiharibu mkusanyiko wa kaka yangu. Kwa safari ya siku mbili ni sawa. Kwa kutunza, hapana.

Na karatasi? Bahasha ya karatasi ya kawaida inasugua, inanyonya unyevu, na pengine karatasi yenyewe ina kemikali isiyofaa. Kuna kiwanda kimoja huko Uingereza ambacho diski zake za miaka ya 1988 hadi 1993 ziligeuka rangi ya shaba na kuharibika, kwa sababu vanishi yake haikuweza kuzuia salfa iliyokuwa katika karatasi za vijitabu. Ukiwa na CD ya miaka hiyo inayoanza kuwa kahawia kuanzia ukingoni, itie nakala kwenye kompyuta haraka, maana haiponi.

5. Masanduku matatu na fremu moja

Hapa ndipo uzuri na nafasi vinakutana. Badala ya kabati, tengeneza masanduku marefu yanayoteleza ndani ya fremu ya chini kama droo, lakini kila moja linatoka lote na lina kamba ya kubebea.

Kipimo cha ndani cha kila sanduku: upana sentimita 16, kimo 14, urefu 45. Kuta ziwe za mbao ya milimita 12, na kitako cha tripleksi (plaiwudi) ya milimita 6. Sanduku moja linabeba CD 130, na linabaki na sentimita tano au sita za nafasi. Nafasi hiyo usiijaze. Ndiyo inayokuwezesha kupekua vifuko kwa vidole viwili kama mtu anayetafuta jina katika faili, bila kuvivuta. Ukilijaza sanduku hadi mwisho utararua vijitabu.

Masanduku matatu kando kwa kando yanahitaji fremu yenye upana wa nje wa sentimita 60, kina cha 50, na uwazi wa ndani wa kimo cha sentimita 17 ili mkono upite juu. Ipe miguu ya sentimita 10, kwa ajili ya kufagia na kwa ajili ya maji yakiingia ndani siku ya mvua kubwa. Jumla inafika kimo cha sentimita 31 hivi. Juu yake unaweka televisheni, na macho ya aliyeketi kwenye kochi yanakuwa sawa nayo. CD 390, ambazo zingekula mita nne za rafu, zimekaa chini ya televisheni na hakuna aliyepoteza nafasi. Wala usiogope sumaku za spika; CD inasomwa kwa mwanga, sumaku haiigusi. Ogopa joto: amplifaya isikae moja kwa moja juu ya masanduku.

Kuhusu mbao, ninakupa ushauri niliopewa. Nilifika kwa seremala wetu wa mtaa wa Ndosho na mbao zangu nzuri nyekundu za libuyu nilizokuwa nimenunua asubuhi ile. Aliushika ubao mmoja, akaukaribisha shavuni kama anayempima mtoto homa.

"Papa, hii ingali mbichi."

"Fundi, nina haraka."

"Nakusikia, papa. Nikikutengenezea leo, mwezi wa saba utanirudia. Masanduku yatajipinda, hayataingia tena kwa fremu. Uniachie wiki tatu zikauke chini ya paa, ndiyo tufanye kazi ya kudumu."

Nilimwachia. Masanduku hayo bado yanateleza kwa kidole kimoja. Mbao mbichi inahisi ubaridi ukiigusisha shavu, na ukiigonga haitoi sauti. Nawe ijaribu hivyo kabla ya kulipa.

Mfuniko uwe kipande cha tripleksi ya milimita 4 kinachoteleza katika mfereji, kwa sababu panya wanapenda sana karatasi za vijitabu na mende wanapenda gundi yake. Mbele toboa matundu mawili, pitisha kamba ya nailoni au mkanda wa ngozi kutoka begi lililochakaa, funga mafundo kwa ndani. Vanishi paka upande wa nje tu, na usitie CD humo kabla ya wiki mbili. Harufu ya vanishi mbichi ikifungiwa pamoja na diski inaweza kuidhuru ile vanishi nyembamba ya juu.

Sura ya mbele ndiyo saloni itakayoiona. Mke wangu alichagua kitenge kimoja cha rangi ya bluu na dhahabu, tukakata vipande vitatu vinavyoendelezana, kiasi kwamba masanduku yakiwa ndani, ua kubwa linaonekana zima kutoka sanduku moja hadi jingine. Kitenge kinabandikwa kwa kola (gundi) ya mbao, si kwa uji wa unga. Uji unaleta mende ndani ya wiki.

Asiye na uwezo wa fundi kwa sasa atumie katoni ngumu za maziwa au biskuti, azikate kwa kimo cha sentimita 14, aziongeze ukuta wa pili kwa katoni nyingine, azivishe kitenge vivyo hivyo. Nilianza hivyo, na zilidumu miaka miwili.

6. Ukuta: kava chache, zibadilike

Ukificha CD zote, saloni inakosa kitu. Mgeni hajui kwamba nyumba hii inapenda muziki. Kwa hiyo tengeneza ukingo mwembamba wa kuonyeshea: ubao wenye upana wa sentimita 4 tu na urefu wa 75, wenye mdomo mdogo mbele wa sentimita 2. Hapo yanakaa makasha matano yakiangalia chumba. Ndani ya kila kasha unaweka kijitabu peke yake. Diski inabaki katika sanduku. Kila mwezi badilisha. Ukuta wetu mwezi mmoja ni wa Franco na TPOK Jazz peke yao, mwezi mwingine ni wa kwaya, na Desemba watoto ndio wanaochagua. Chagua ukuta usiopigwa na jua, kwa kuwa rangi nyekundu na njano za kava zinapauka haraka.

Zile za kava la karatasi ngumu zinahitaji rafu ya kweli, lakini ya kina cha sentimita 15 basi. Rafu nyembamba hivyo inaingia mahali pasipofaa kitu kingine: nyuma ya mlango unapofunguka, juu ya mlango, au kwenye kipande cha ukuta kati ya madirisha mawili. Uwazi wa kimo uwe sentimita 14 hadi 15, usizidi, la sivyo unapoteza safu nzima juu yake.

Katika nyumba ya mbao, rafu ishikwe kwenye nguzo za ukuta, si kwenye ubao mwembamba wa kati. Gonga kwa kifundo cha kidole: panapolia wazi hakuna nguzo, panapolia zito ndipo. Tumia skrubu, si misumari. Matetemeko ya siku zile za Mei yalikuwa yanang'oa misumari kidogo kidogo, na kabati langu lilianguka kwa kuwa lilikuwa limesimama tu bila kushikwa. Hata fremu ya chini niliifunga kwa ukuta kwa vipande viwili vya bati. Na kila rafu iliyo wazi iwe na mdomo wa mbele wa sentimita 2, ili vitu visiteleze nyumba ikitikisika.

Kwa kushikilia mwisho wa safu, nina mawe mawili ya makoro yaliyochongwa kwa umbo la tofali dogo. Weusi wake unapendeza sana kando ya mbao nyekundu, na ni kitu cha hapa hapa tunapokanyaga. Yaoshe kwa brashi, yapake vanishi mara mbili ili yasidondoshe punje, na ubandike kipande cha blanketi upande unaogusa CD na upande wa chini.

7. Mpangilio unaoufuata muziki wenyewe

Ukipanga kwa alfabeti peke yake, muziki wa Kongo utakutoroka. Franco utamweka F, au L kwa Luambo, jina lake halisi, au T kwa TPOK Jazz? Papa Wemba alikuwa katika kundi la Zaïko Langa Langa lilipoanza mwaka 1969, akatoka 1974, na 1977 akaunda Viva la Musica, halafu ana albamu za jina lake mwenyewe. Kundi la Wenge Musica liligawanyika 1997, JB Mpiana akabaki na Wenge BCBG, Werrason akaenda na Wenge Maison Mère. Alfabeti inawatawanya ndugu hawa katika masanduku matatu.

Mimi ninapanga kwa ukoo. Sanduku la kwanza linaanza na African Jazz ya Grand Kallé, kisha OK Jazz, ile iliyokuja kuitwa TPOK Jazz, iliyozaliwa 1956 na watoto wake wote, kisha Tabu Ley na Afrisa pamoja na Mbilia Bel. La pili ni ukoo wa Zaïko: yeyote aliyetoka humo anakaa nyuma ya kadi ya Zaïko, na kundi lake jipya lina kadi fupi. Ukoo wa Wenge unafuata, na baada yake gitaa la Katanga, Jean-Bosco Mwenda na wenzake, kwa sababu baba alikulia Lubumbashi na hizo alizisikiliza Jumapili. La tatu ni nyimbo za Mungu, muziki wa Afrika Mashariki, na wa nje. Ndani ya kila ukoo ninafuata mwaka. Ukipekua toka mbele kwenda nyuma, unasikia kichwani namna rumba inavyobadilika mwendo, kuanzia gitaa la pole hadi seben ndefu, zile sehemu za gitaa za kuchezea, za miaka ya tisini. Nadhani ndiyo furaha kubwa ya kuwa na CD mkononi, na ndiyo maana nilifurahi sana UNESCO ilipoiweka rumba ya Kongo katika orodha yake Desemba 2021.

Kadi za kutenganisha kata kutoka mafaili ya plastiki ya shule, ziwe juu ya vifuko kwa sentimita moja, jina liandikwe kwenye mdomo huo. Kila kifuko kiwe na namba ndogo kwenye kona, ile ile ya daftari. Piga picha kurasa za daftari kwa simu.

8. Mahali, unyevu, moshi

Joto la Goma ni rafiki. Hatuna jua la kuyeyusha kama wenzetu wa bondeni. Unyevu ndio wa kuangalia, hasa miezi ya mvua. Acha sentimita tatu kati ya fremu na ukuta wa nje ili hewa ipite. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja katika katoni za viatu vikusanye, weka viwili katika kila sanduku. Makaa usiweke, vumbi lake ni lile lile la kukwaruza.

Moshi wa mbabula (jiko la makaa) unaacha utando wa mafuta kwenye diski, kwa hiyo mbabula ikiwashwa saloni wakati wa baridi, mifuniko ifungwe.

CD za kuchoma ziweke mwisho kabisa wa sanduku, gizani. Kinachoshika muziki humo ni rangi maalumu iliyochomwa, na mwanga unaipausha polepole.

9. Nakala

Umeme ukiwapo, tia kila CD kwenye kompyuta kwa umbo la FLAC, ambalo halipunguzi kitu cha sauti na linachukua karibu nusu ya ukubwa wa asili. Albamu ya saa moja ina kama MB 630 kwenye diski, hivyo inabaki mia tatu hadi mia nne. Diski kuu ya nje ya TB 1 inatosha mkusanyiko wa watu wengi. Anza na CD za kuchoma na zile zilizokwisha kukwaruzwa. Nakala moja mpe ndugu aliye mji mwingine. Yangu iko Bukavu kwa shemeji.

10. Jaribuni kubeba

Mwanzoni mwa Juni, kiangazi kinapoanza, ninatoa masanduku yote nje kwenye baraza, ninafungua mifuniko, ninaangalia kama kuna ukungu au alama za panya, na ninakaza skrubu. Siku hiyo hiyo tunafanya jaribio. Ninasema "twende", mimi ninachukua sanduku la kwanza na la pili, kijana wangu mkubwa analichukua la tatu, na binti yangu anavuta vijitabu vitano vya ukutani anavitia katika mfuko wake wa shule. Mwaka huu, tangu niliposema hadi wote tuliposimama kwenye lango la parseli, haikufika dakika mbili.

Binti aliuliza kama anaweza kubeba na yale mawe. Nikamwambia mawe yataachwa.